Waja leo, waondoka leo? Huu mti wa Amani ulikuja 1913 na haujaondoka

#1 Mwana_Sigi

Wadau salaam. Tangu Ijumaa kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya Tanga: barabara ya kupanda Amani, ukungu, miti mirefu imenyooka, na juu yake pameandikwa "msitu wa asili usioguswa na mkono wa binadamu". Picha nimeipenda. Maandishi ndiyo yaliyonifungulisha uzi, maana ile miti mitatu minne ya mbele, yenye shina la kijivu lisilo na tawi mpaka juu kabisa, si ya Usambara hata kidogo. Ni Maesopsis eminii. Waganda wanauita musizi. Hapa nitauandika mesopsi ili nisijichoshe.

Kwa wasiojua historia ya pale: Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti Amani mwaka 1902. Kazi yake ilikuwa kujaribu kila mmea unaoweza kuleta pesa kwenye koloni. Ikaletwa mikwinini, mipira ya aina kadhaa, mianzi, mikaratusi, misederela kutoka Amerika, viungo, miti ya mbao kutoka Asia. Mashamba yale ya majaribio ndiyo leo tunayaita bustani ya mimea ya Amani, na zaidi ya spishi 200 za kigeni zilizopandwa enzi zile bado zi hai humo. Nyingi zimetulia. Utazikuta zimesimama pale pale zilipopandwa, au zimezaa watoto wachache chini yake, basi. Zilizovuka uzio na kuingia msituni ni chache.

Mkonge nao ni mgeni, tena umeitangulia Amani. Mjerumani mmoja, Hindorf, aliagiza miche Florida mwaka 1893, iliyofika hai ikawa 62, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Umefuta vichaka na misitu mingi ya tambarare, lakini kwa panga na jembe la binadamu. Wenyewe si mtembezi. Shamba la mkonge likitelekezwa, pori linarudi. Kwa hiyo tusiseme kila kilichoshuka melini ni adui.

Mesopsi ulifika karibu mwaka 1913, na haukutoka ng'ambo. Kwao ni misitu ya kuanzia Liberia hadi Uganda, magharibi mwa Kenya na Kagera yetu hapa. Jina lake la kitaalamu ni la Emin Pasha, yule gavana Mjerumani wa kusini mwa Sudan aliyeanguka kutoka ghorofani Bagamoyo mwaka 1889 kwenye karamu ya kupokewa yeye na Stanley. Basi ni mti wenye kitambulisho cha Tanzania. Ila mlima hausomi kitambulisho. Usambara ya Mashariki imekaa peke yake juu ya tambarare kavu kwa mamilioni ya miaka, ndiyo sababu ina mimea na vyura wasiopatikana kwingine duniani, na kwa mlima ule Bukoba ni ugenini sawasawa na Brazili.

Kwa muda mrefu mti huu haukumsumbua mtu. Halafu miaka ya 1960 na 1970 mabwana misitu wakaupanda kwa wingi kuziba mapengo palipovunwa mbao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaja uvunaji wa mitambo, kwa msaada wa Finland, hadi kelele za wanasayansi zilipousimamisha katikati ya miaka ya 1980. Mapengo yakawa kila mahali. Mche wa mesopsi hauwezi kivuli kizito, unakufa. Ukipata jua unapanda mita mbili tatu kwa mwaka, wakati msambu na mtambara, miti ya asili ya mlima huu, bado inajishauri.

Msambazaji wake mnamjua wote: hondohondo. Tunda likiiva jeusi anameza, anaruka bondeni hadi bonde la pili, kokwa anaitema huko. Mgeni amepata usafiri wa bure kwa mwenyeji. Kima nao wanakula, ila hawafiki mbali.

Na madhara yake? Chini ya mesopsi iliyokomaa majani yanaoza upesi, lile zulia la majani makavu linakuwa jembamba, udongo unabadilika, na maotea ya miti ya asili yanapungua. Chura na jongoo wa Amani makazi yao ni lile zulia. Msitu unabaki wa kijani, mtu wa mjini anapiga picha, anaandika "haujaguswa".

Nataka tujadili hivi: hii miti ikatwe au iachwe? Msijibu haraka.

#2 Mpwa_wa_Raskazone

Mji wetu unasifika kwa "waja leo waondoka leo", huyu Mhaya kaja 1913 kaoa, kazaa, kajenga. Mwacheni ale raha Tanga. 😂

#3 Seremala_Ngamiani

Mimi najibu haraka hivyo hivyo. Iachwe, na iongezwe.

Ndugu zangu wa vitabu, mbao mnajua bei yake? Mvule mtu wa kawaida anaishia kuupapasa kwenye mlango wa msikiti wa zamani. Mkangazi ndiyo hivyo, ukiuona barabarani ujue kuna mtu anakimbizana na askari. Mesopsi ni mbao nyepesi, inakubali msumari bila kupasuka, unapiga kenchi, unafunga dari, unamwagia zege. Kasoro yake mchwa: usiuguse ardhini bila dawa. Lakini kila nyumba ya bati inayopauliwa kwa mesopsi kuna mti wa asili umebaki umesimama. Hilo mbona mleta uzi hulisemi?

#4 Babu_wa_Kwamkoro

Wanangu, nimesoma yote. Wakati wa magogo nilikuwa kijana mwenye nguvu na kazi hiyo tuliifanya wengi, ndiyo iliyokuwepo. Nitawaambia nilichokiona.

Kuangusha mti mmoja hakukuwa kuangusha mmoja. Mti mkubwa umefungwa na miti mingine kwa mikamba, ukienda unavuta wenzake. Kisha katapila linatengeneza njia ya kuburuta gogo, udongo mwekundu unaachwa wazi, mvua ya masika ikija inaupeleka mto Sigi. Huko chini Tanga mnafungua bomba maji yana rangi, mnalaumu mamlaka ya maji. Sigi ndiyo inayojaza bwawa la Mabayani, msisahau.

Palipoburutwa gogo, mwaka wa pili yake pamejaa mesopsi tupu, imepangana kana kwamba imepandwa na mtu. Palipokuwa hapajafikiwa na katapila, hapakuota hata mmoja. Mti haukuvunja mlango. Mlango tuliuvunja sisi, wenyewe ukapita.

#5 Mwana_Sigi

Shikamoo babu. Hapo ndipo nilipokuwa nataka uzi ufike, umenifupishia safari.

Seremala, hoja yako naipokea kwa mesopsi ya shambani, kwenye ardhi ya kijiji. Mti unaokua kasi na kupunguza njaa ya mbao ni msaada. Tatizo langu ni uliomo ndani ya hifadhi. Tangu 1997 Amani ni hifadhi ya mazingira asilia, hekta elfu nane na zaidi, na huo mti hauwezi kuambiwa mpaka uko wapi wakati hondohondo anakula kwako asubuhi na jioni analala hifadhini.

#6 Kijana_SUA

Naomba nichangie kidogo kitaaluma. Watu wanachanganya mambo matatu. Mmea wa kigeni ni ule uliopelekwa na binadamu mahali ambapo usingefika wenyewe. Uliozoea ni ule unaozaliana porini bila kupandwa. Mmea vamizi ni ule unaozaliana, unasambaa mbali na kudhuru viumbe wengine au watu. Katika mimea mingi inayoletwa, michache inazoea, na katika iliyozoea michache inavamia. Ripoti ya jopo la kimataifa la bioanuwai, IPBES, ya mwaka 2023 inasema binadamu ameshahamisha zaidi ya spishi 37,000 za viumbe duniani, na zaidi ya 3,500 kati yake ndizo zenye madhara yaliyothibitishwa. Hasara kwa uchumi wa dunia kwa mwaka 2019 ilizidi dola bilioni 423. Spishi vamizi zimechangia asilimia 60 ya kutoweka kwa viumbe kulikorekodiwa, zikiwa peke yake au pamoja na sababu nyingine.

Jambo la pili ni kuchelewa. Mmea unaweza kukaa miaka hamsini bila kusumbua, watu wakauamini, halafu mazingira yakabadilika kidogo ukalipuka. Mesopsi ni mfano unaofundishwa hadi nje.

#7 Mpwa_wa_Raskazone

Huyu kijana atakuwa na "test" kesho, anafanyia mazoezi kwetu.

#8 Mwambao_Bagamoyo

Salaam kutoka Bagamoyo. Nyie mna mesopsi, sisi tuna mwarobaini, na nikilisema hili mtaani kwetu napigwa mawe.

Mwarobaini asili yake ni India na nchi za jirani zake. Huku mwambao umekuwa wa kwetu: hakuna ua lisilo nao, kivuli cha barazani ni wake, homa ya mtoto ni wake, mswaki ni wake. Sasa nendeni Saadani. Ndani ya hifadhi umeingia kwenye vichaka na misitu ya pwani na unajitanua. Tunda ni tamu kwa ndege, popo, nyani na fungo, kila mmoja anabeba mbegu. Na nyani wa Saadani anakula vijijini, anakwenda kunya hifadhini, mtanisamehe lugha.

Mbegu yake haina maisha marefu, baada ya wiki kadhaa inakufa, na hilo ni jema. Ubaya ni kisiki. Ukikata mwarobaini ukaondoka, ukirudi unakuta machipukizi sita pale ulipoacha shina moja, na mengine yametoka kwenye mizizi. Kukata bila kukiua kisiki ni kuufanyia mti huo palizi.

Kule kuna msitu wa Zaraninge, uliingizwa ndani ya hifadhi. Una miti ya pwani ambayo imebaki vipande vipande tu kutoka Kenya hadi Lindi. Roho inaniuma nikifikiria umezwe na mti ambao tayari umejaa kila uani.

#9 Mama_Iliki

Mwambao, mwarobaini umeukosea adabu. Mimi watoto wangu wote nimewaogeshea mwarobaini walipopata tetekuwanga.

#10 Mwambao_Bagamoyo

Dada yangu, wa uani sijaugusa, na dawa yako endelea nayo. Nazungumzia wa Saadani, ambako hakuna mtoto wa kuogeshwa.

#11 Mzigua_wa_Mkwaja

Kwa kuwa Saadani imetajwa, ngoja niwavuruge kidogo. Upande wetu wa kaskazini, palipokuwa ranchi ya ng'ombe ya Mkwaja tangu miaka ya 1950 hadi 2000, kilichovamia majani si mgeni. Ni mgunga wa hapa hapa pwani, Acacia zanzibarica, ule wenye miiba iliyovimba na sisimizi ndani. Ng'ombe maelfu walikula majani, majani yakapungua, moto ukakosa cha kuunguza, migunga midogo ambayo zamani ilikuwa inaungua kila kiangazi ikakua. Pakawa fito na miiba tupu, ng'ombe wenyewe wakakosa pa kupita. Ranchi ikafa.

Sasa Kijana wa SUA, huyo ni vamizi au siyo vamizi? Kwao ni hapa, kaburi la babu yake liko hapa.

#12 Kijana_SUA

Kwa tafsiri ya vitabu si vamizi, ni mmea wa asili uliozidi kipimo kwa sababu malisho na moto vilibadilika. Ila swali lako ni zuri, mkuu. Wapo wataalamu wanaobishana kwamba tuangalie tabia ya mmea, tusiangalie pasipoti.

#13 Mwana_Sigi

Mzigua umenigusa. Mimi niko upande wa tabia, lakini sikubali kwamba asili haina maana kabisa. Mgunga wa Mkwaja ukizidi, wapo wanaoujua: wadudu wake, twiga wake, moto wake. Zimekuwa pamoja muda mrefu. Punguza ng'ombe, rudisha moto kwa mpango, mizani inaweza kurudi. Mmea wa ugenini adui zake kabaki nao kwao. Magugu maji yaliposonga Ziwa Victoria miaka ya 1990, mafanikio makubwa yalianza baada ya kuleta aina mbili za mbawakavu wadogo wa jamii ya Neochetina kutoka Amerika ya Kusini, kwao na magugu yenyewe. Kabla ya hapo watu walikuwa wanayatoa kwa mikono, yanaota nyuma yao.

#14 Nahodha_wa_Bweni

Umeyataja magugu maji, umenitonesha. Watu wanadhani ni ugonjwa wa Mwanza. Huku kwetu mito ya Sigi na Pangani yalishaonekana tangu miaka ya 1950, kabla hata Ziwa Victoria halijasikia habari zake. Mto ukipungua kasi na mbolea za mashamba ya juu zikishuka, yananenepa. Mvua kubwa ikija yanang'oka kwa mafungu, yanaelea hadi mlangoni mwa bahari, chumvi inayaua. Mvuvi anayetega mtoni ndiye anayelipia, wavu unajaa majani. Sina la zaidi, nimepita tu.

#15 Mfugaji_Handeni

Nyie mnazungumza miti, mimi nina kichaka. Lantana. Ile yenye maua ya rangi mbili tatu kwenye kichwa kimoja, kaya nyingi ziliipanda uzio. Malishoni kwangu imefunga. Ng'ombe wakiona njaa wanaila, baada ya siku chache macho ya njano, ngozi inababuka hasa sehemu nyeupe, wanajificha jua. Nimechoma moto mara nyingi, inarudi nene zaidi. Nifanyeje?

#16 Kijana_SUA

Sumu yake inapiga ini, ndiyo maana ngozi inashindwa kuvumilia jua. Ng'ombe aliyeathirika mweke kivulini na umwite daktari wa mifugo mapema.

Kuhusu kichaka: moto peke yake unaisaidia, kwa sababu shina la chini halifi na majani shindani yanaungua. Ing'oe na mizizi yake udongo ukiwa na unyevu, kabla haijazaa matunda, maana ndege wanakula na kusambaza. Kisha usiache udongo mtupu, panda majani ya malisho hapo hapo, na ng'ombe wasiingie mpaka yashike. Mwaka unaofuata rudia kung'oa maotea. Anza pembeni palipo na vichaka vichache uelekee katikati, usianzie kwenye msitu wake mnene utakata tamaa.

#17 Dereva_wa_Segera

Na mjihadhari na gugu karoti. Arusha lilianza kuonekana mwaka 2010, sasa liko kandokando ya barabara. Maua meupe madogo, majani yanafanana na ya karoti kweli. Ukilishika bila glavu ngozi inawasha, wengine kifua kinabana. Mmea mmoja unatoa mbegu zaidi ya elfu kumi, na mbegu zinapanda gari: kwenye tope la matairi, kwenye mchanga, kwenye majani ya mifugo. Barabara ya Arusha kuja Korogwe hadi Segera tunapita malori usiku na mchana. Nani anaosha tairi?

#18 Mama_Iliki

Turudi Amani, maana ndiko ninakolima na naona mnapanga kukata miti bila kutuuliza.

Iliki inataka kivuli. Zamani watu walilima ndani ya msitu, wanafyeka chini wanaacha miti mikubwa. Kivuli kinabaki lakini watoto wa miti wote wamefyekwa, kwa hiyo mzee akianguka hana mrithi. Hilo tulikuja kulielewa. Waliokuwa Derema walilipwa fidia wakatoka ili pawe ushoroba wa kuunganisha misitu, na maneno ya fidia ile mpaka leo hayajaisha vijijini. Sasa iliki yangu iko shambani kwangu, chini ya mesopsi. Inakua upesi, kivuli chake si kizito, majani yanaoza yanakuwa mbolea, nikikwama ada ya shule nauza mmoja. Mkija na sera yenu ya kung'oa mesopsi, kivuli cha iliki mtanipa nyie?

#19 Mwana_Sigi

Dada Mama Iliki, hakuna anayekuja kwako na shoka. Na ndiyo sababu nilisema msijibu haraka.

Niseme ninavyoona. Wataalamu wa miaka ya 1980 walihofia mesopsi ungetawala sehemu kubwa ya Usambara ya Mashariki. Uvunaji wa mitambo ukasimama, mapengo mengi yakaanza kufunga, na ndani ya msitu uliofunga utakuta mesopsi mizee mikubwa lakini chini yake hakuna mrithi wa mesopsi. Imekaa juu, inazeeka. Kwa umri wa miti, huu si wa kuishi sana. Ukiingia na chenso ukaiangusha ile mizee kwa hasira, umefanya nini? Umefungua pengo. Jua limeingia, na mbegu ziko tayari udongoni na kwenye midomo ya hondohondo. Umepanda mesopsi mia badala ya mmoja uliokuwa unakufa taratibu.

Kwa hiyo ndani ya msitu uliofunga mimi naiacha. Ambayo ni lazima iondoke, ivuliwe gome kuzunguka shina ife imesimama, idondoshe tawi moja moja, kivuli kisiondoke kwa siku moja. Nguvu ipelekwe kwenye mapengo mapya, kingo za njia na palipodondoka mti kwa upepo: hapo maotea ya mesopsi yang'olewe yakiwa ya kimo cha goti, mtoto wa shule anaweza. Na palipo wazi sana papandwe miti ya asili, tusisubiri ijilete.

Halafu kuna mmea ambao hakuna aliyeutaja nao ndio unaoninyima usingizi kuliko mesopsi. Clidemia hirta, kichaka cha kutoka Amerika ya joto. Majani yana manyoya na mistari iliyozama, tunda dogo la buluu iliyokoza, watoto wanalila njiani. Huo unaota jua na unaota kivulini. Mesopsi tunaweza kuufungia mlango kwa kufunga mwavuli wa msitu. Clidemia unaingia mlango ukiwa umefungwa. Uko Amani tayari, hasa kando ya njia. Kila anayepita na ndege anayekula tunda anausogeza. Kama mtu ana nguvu kazi ya siku moja kwa mwezi, asiipoteze kwa mesopsi, aende akang'oe clidemia.

#20 Seremala_Ngamiani

Sawa, lakini kuvua gome mti ukaozea msituni wakati huku watu wanapanga foleni ya mbao ni dhambi. Kwa nini wanakijiji wasipewe kibali wavune ile iliyo pembezoni mwa hifadhi?

#21 Babu_wa_Kwamkoro

Mwanangu, kibali cha mesopsi kikitoka asubuhi, jioni utaona gogo la mkangazi limefunikwa na mesopsi juu ya lori. Nimeishi huku.

#22 Seremala_Ngamiani

Babu hapo sikubishii. 😂 Ila iliyo mashambani basi tusisumbuliwe na makaratasi.

#23 Mpwa_wa_Raskazone

Mbona hakuna anayesema kwamba na sisi tumevamia wenzetu? Lile ua dogo la zambarau lililotoka miambani huku Tanga, Mjerumani mkuu wa wilaya alimpelekea baba yake mbegu mwaka 1892, leo liko dirishani mwa kila bibi wa Ulaya. Saintpaulia. Waja leo wa kwetu nao hawajaondoka huko.

#24 Mwana_Sigi

Tofauti ni kwamba huko halitoki dirishani, baridi inaliua. Na huku kwao lenyewe liko hatarini, maana linaishi kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Msitu ukifunguliwa jua linalikausha.

#25 Mama_Iliki

Nimewaelewa. Mesopsi yangu inabaki, lakini nataka kuchanganya na miti ya kwetu ili nisitegemee mmoja. Wataalamu walipita wakatuambia msambu, mbegu zake zina mafuta na kuna wanunuzi. Nimeokota mbegu msimu uliopita nikazipanda kwenye viriba. Mpaka leo kimya. Nimwagilie nini?

#26 Babu_wa_Kwamkoro

Usimwagilie kitu cha ajabu, maji tu, na uvumilivu. Msambu unaweza kukaa mwaka na zaidi udongoni kabla ya kuota, na panya wanaupenda, funika vizuri. Ukiweza pata miche iliyobebeshwa, inazaa mapema kuliko ya mbegu.

#27 Mama_Iliki

Ahsante babu. Shamba langu ni dogo, nikipanda miwili inatosha?

#28 Babu_wa_Kwamkoro

Haitoshi. Msambu una dume na jike, miti tofauti, na mche wa mbegu hausemi ni upi mpaka utoe maua. Ukipanda miwili unaweza kulea madume matupu miaka kumi. Panda sita, saba.